Mzigo wa Kwenye Rimu



Kuna mashindano ya baiskeli yanayoitwa 10to4. Jina limetokana na safari yenyewe: unaanza juu Mlima Kenya, futi 10,000, unateremka hadi futi 4,000. Vijana wetu wanaoshuka kutoka Subuiga kuja Isiolo huniuliza, "Pasta, tupunguze nini baiskeli iwe nyepesi?"

Fundi mzuri huanzia kwenye magurudumu. Uzito wa fremu unabebwa tu. Uzito wa rimu na tairi unabebwa na tena unazungushwa, kila unapoongeza mwendo. Ndiyo maana wengi hutoa tyubu, wakatumia tairi lisilohitaji tyubu. Lakini breki haziguswi. Nimemzika kijana aliyeshuka barabara ile bila breki.

Sasa fungua Waebrania 12:1. Mwandishi anataja vitu viwili: mzigo, na dhambi. Kumbe si kila kinachokulemea ni dhambi. Mama, yale maneno ya wifi yako pale matangani, wewe ndiwe uliyekosewa. Lakini unaamka nayo, unapika nayo, unakuja nayo hadi kwenye kesha. Yanazunguka nawe. Huo ni mzigo wa kwenye rimu.

Uachilie leo. Ila usiache maombi wala kuonywa na wenzako eti uwe mwepesi. Hizo ni breki.

Usiku huu, kabla hujalala, mtaje wifi yako kwa jina mbele za Mungu, umwombee mema.

Mbarikiwe. Anayeachilia aseme AMINA.