Kigae cha Maji Chini ya Mgunga



Twasikia ya kuwa huko Ulaya, theluji ikiisha kuifunika nchi, watu wengi huwawekea ndege chakula katika bustani zao. Wala hilo si jambo la upuzi, maana baridi ya mwaka 1962 hadi 1963 iliwaua ndege wadogo wengi mno katika Uingereza. Kwetu hapana theluji. Mwezi wa Juni na wa Julai twaota moto alfajiri, lakini jua likichomoza baridi hutoweka. Taabu ya ndege wetu ni kiangazi.

Mtu atokaye stesheni ya Malampaka kuja Nyalikungu mwezi wa Septemba huona majani yamekauka, udongo mweusi wa mbuga umepasuka, na kijani kimebaki katika nyua za minyaa tu. Mto Simiyu, upelekao maji yake Ziwa Victoria, huwa mchanga mtupu mahali pengi, na wanawake huchimba humo wapate ndoo moja. Ndege naye hutafuta maji yale yale, wala hana jembe.

Basi miaka kadhaa iliyopita tuliweka kigae cha mtungi uliovunjika chini ya mgunga uani petu, na kando yake jiwe pana la kumwagia wishwa na chenga za mtama. Siku ya kwanza walikuja tetere wawili. Baadaye wakaja kwezi wenye kung'aa, mnana, na kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe machoni. Kasuku hawa asili yao ni nchi yetu hii ya kaskazini ya Tanzania, nao huitwa kwa jina la Fischer, msafiri Mjerumani aliyekufa mwaka 1886. Katika miaka ya 1980 walinaswa kwa wingi sana na kuuzwa ng'ambo. Sisi tuliwapita kila siku tusiwatazame!

Lakini mwaka mmoja mvua zilikawia, na kisima kikashuka. Mama wa nyumba yetu akauliza, "Je, nitembee saa mbili kutafuta maji, kisha tuwape ndege?" Hatukuwa na jibu. Ndipo yeye mwenyewe akalipata: maji yaliyosuuza vyombo, yasiyo na sabuni, yawe ya kigae. Tangu siku hiyo hakuna tone lililopunguzwa katika mtungi wa watoto.

Shauri la pili lilikuwa zito zaidi. Mzee jirani yetu alikuja na fimbo yake, akasema, "Mwalimu, uwele wangu umeliwa na kwelea kwelea, nawe wawalisha wezi?" Alisema kweli. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Hivyo kundi la milioni moja laweza kumaliza tani 10. Tukamjibu, "Baba, utusamehe. Twende shambani." Tukaenda pamoja na watoto wetu, tukapiga madebe tangu mapambazuko hata jua kuchwa, siku sita, tukaokoa kilichosalia.

Tangu hapo tumeshika desturi hii: nafaka ikianza kukomaa, kigae hufudikizwa na jiwe husafishwa, mavuno yakiisha kuingia ghalani, huwekwa tena. Mzee hakusema kwamba tumefanya vema. Ila Oktoba iliyofuata tulimwona mjukuu wake, aliyezoea kutega ulimbo penye maji yetu, amechuchumaa mbali kidogo, mikono mitupu, akiwahesabu kasuku. Babu yake alikuwa amemwambia kwamba aliyekaribishwa maji hauawi mlangoni.

Wasomaji watakao kufanya vivyo hivyo na wakumbuke haya. Kigae kisiwe na kina kirefu, na ndani yake liwemo jiwe, ndege mdogo asizame. Kioshwe kila siku, maana maji machafu huleta maradhi. Kiwe hatua kadhaa mbali na kichaka, paka asijifiche. Tena ngitili zetu, tulizozihifadhi kwa ajili ya ng'ombe, tusizikate hovyo, kwa kuwa ndege nao hupata humo mbegu na mahali pa kulala.

Na mwezi wa Novemba, mawingu yakijikusanya, tazameni juu. Mtawaona korongo weupe na mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya. Wale waliolishwa bustanini huko ni wengine. Hawa huja kwetu kujitafutia panzi na wadudu. Tusiwarushie mawe wageni waliosafiri mbali hivyo.

Tukutane mwezi ujao, tukiwa wazima.