Saa Tano na Dakika Ishirini na Tano

Pasaka ya 1973 baba alinipandisha mabegani kando ya barabara ya vumbi, tukayasubiri magari ya mbio za Safari. Nilikuwa na miaka saba. Datsun 240Z tuliisikia kabla ya kuiona: mlio ulipanda, ukakatika kwa gea, ukapanda tena, kisha tukabaki na vumbi na harufu ya petroli. Siku redio ilipotangaza kwamba Shekhar Mehta ameshinda, tena baada ya kulingana pointi na Harry Källström, baba alikuwa bado anauiga mlio ule kwa mdomo.

240Z ya kwake aliinunua mwaka 1981, mkononi mwa mtu, rangi imeshapauka. Tangu hapo nilijua baba amefika kwenye kona ya mtaa kabla hata mbwa hawajainua masikio. Silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, kabureta mbili, cc 2,393. Kwa jinsi alivyobadilisha gea pale kwenye kona, mama alijua kama chai ipelekwe sasa au asubiri kidogo.

Mlio huo ulibadilika polepole mno, ndiyo maana tulichelewa kuusikia. Ulianza moshi wa buluu asubuhi. Halafu injini ikawa inakula oili. Mwisho ukaja mlio wa kugonga, wa chini, mzito, na fundi akasema, "Mzee, krankishafti imekwisha." Gari likafunikwa turubai. Likakaa hivyo miaka saba.

Mwaka 2021 Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, mara ya kwanza tangu 2002, baba alikuwa na miaka 81. Nikamwambia tutafute injini nyingine. Alikataa katakata. "Hilo mtakaloliwasha halitakuwa gari langu." Wapo wanaoingiza V8 za Kimarekani kwenye magari haya, na yanakimbia kweli, lakini hilo hata mimi nisingelithubutu. Nilichokuwa nacho ni injini ya L28 iliyotolewa kwenye Nissan Patrol chakavu. Fundi aliiweka ubavuni mwa injini yetu ya zamani, L24, akamwita baba aje aziguse zote mbili. "Tumbo moja hizi, mzee. Huyu kapanuka kifua tu." Ndivyo ilivyo: pistoni zina kipenyo cha milimita 86 badala ya 83, na zinasafiri milimita 79 badala ya 73.7. Kwa nje inabidi usome namba kwenye bloki ndipo uzitofautishe. Baba alipitisha kidole juu ya namba, akaenda zake bila kusema neno. Tulichukulia kwamba amekubali.

Ile ya Patrol tuliifungua yote, tukaweka ringi na beringi mpya. Kutoka kwenye ya zamani tulihamisha kabureta, sampu pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, na distributa. Jumamosi jioni tukatoa plagi zote, tukapiga stata mpaka sindano ya geji ya oili ikanyanyuka, ili chuma kisianze kusagana kikavu. Tukarudisha plagi. Baba akaleta kiti.

Nikazungusha swichi. Injini ikakohoa, ikatema moto kupitia kabureta ya mbele, ikanyamaza. Mara ya pili, vilevile. Baba aliinuka akaingia ndani, na sijawahi kuona mgongo uliochoka namna ile.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye injini hizi kijiti kimoja kinazungusha pampu ya oili kwa chini na distributa kwa juu. Silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa, tayari kuwaka, ncha ya kijiti ilale kama mishale ya saa tano na dakika ishirini na tano. Nilikuwa nimekosea jino moja, na moto wote ukatoka si kwa wakati wake. Tulilala chini ya gari, tukafungua boliti nne za pampu, oili ikanimwagikia hadi kwapani, tukapanga upya kwa tochi.

Usiku wa saa tatu ikashika mara moja. Fundi akaishikilia kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, asiiache ingurume polepole kabla sehemu mpya hazijazoeana. Mlio ulikuwa mnene kuliko ule wa utotoni mwangu, umeshuka chini kidogo kama sauti ya kijana aliyebalehe. Baba alitoka na kikoi na singlendi. Aliweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo dakika ishirini nzima, na pale fundi alipokanyaga ghafla, midomo ya baba ikacheza.

Asubuhi nilimkuta gerejini peke yake, amechuchumaa mbele ya L24 iliyokuwa juu ya tairi kuukuu. Alikuwa ametia oili kwenye matundu yake sita ya plagi, na kwa spana kubwa anaizungusha taratibu, nusu mzunguko kila mara, isije ikaganda.