Fundi Akisema "Tuitoe Tu Stebilaiza"

Wadau, gari ikigonga kwenye matuta, usikubali fundi akutolee stebilaiza ya mbele ati itakuwa laini. Laini itakuwa, sikatai. Kile chuma kinaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ukikitoa, kila moja linaingia shimoni kivyake. Jeep Wrangler Rubicon ina hadi swichi ya kukiachanisha, ili kwenye mawe matairi yote yashike chini. Lakini mwendo ukizidi kinajirudisha chenyewe.

Probox yako haina swichi hiyo. Uko Links Road, tuktuk inakukatia ghafla, unapiga usukani kushoto, halafu kulia. Bodi inalala upande mmoja, na kabla haijainuka ushaitupa upande wa pili. Kwa gari yenye stebilaiza ya nyuma pia ni mbaya zaidi: mbele inashika kuliko nyuma, mkia unakuponyoka, na mvua ya Mei ndiyo hiyo.

Halafu mara nyingi kinachogonga ni linki ama bushi tu. Nunua linki mbili, zifungwe pamoja. Wanaosema "mwaka mzima naendesha bila" hawajalazimika kukwepa mtu.