Habari za Nyumbani

Hapana swali linaloulizwa mara nyingi katika Kiswahili kuliko swali la habari, wala hapana jibu linalotolewa upesi kuliko jibu lake. Mtu huulizwa habari za asubuhi, habari za kazi, habari za safari na habari za nyumbani. Naye hujibu kuwa ni nzuri. Hujibu hivyo akitoka harusini, na hujibu hivyo akitoka makaburini. Mgeni asiyejua desturi huweza kudhani kuwa amedanganywa. Lakini neno "nzuri" ni kama kiti anachowekewa mgeni kabla ya mazungumzo: haijuzu kumpa mtu msiba akiwa bado amesimama mlangoni. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo, ila yule mdogo homa haijamwacha." "Na mama?" "Mama tulimzika Jumanne." Aliyeuliza mara moja akaenda zake alisalimu tu. Aliyetaka kujua aliuliza mara ya tatu.

Desturi hii si ya Kiswahili peke yake. Katika nchi ya mpakani, upande wa magharibi wa mkoa wa Kagera, Waswahili wa lugha wamechanganyika na Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wahaya na Wasukuma, na ng'ambo ya mpaka Warundi na Wanyarwanda huulizana "Amakuru?" na kujibiana "Ni meza", yaani habari ni njema. Mtu aweza kutoka Biharamulo mjini, akapita Ngara na kuvuka mpaka wa Kabanga, akabadili lugha mara kadhaa njiani bila kubadili adabu hii hata kidogo.

Njia panda ya Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, ni chuo kizuri cha kujifunza namna habari zinavyosafiri. Hapo barabara itokayo Kigoma hukutana na ile itokayo Kahama kwenda Ngara na mipakani. Malori hupumzika, abiria hungoja mabasi, na mahindi ya kuchoma huliwa huku maneno yakizunguka. Aghalabu maneno hayo ni ya namna nne: mambo ya siasa, ugomvi wa ndugu, maradhi, na maisha ya watu mashuhuri. Hayafuati utaratibu. Mbunge aliyeahidi maji hutajwa pamoja na mwimbaji aliyeachana na mkewe, na kabla sentensi haijaisha mtu mwingine amekwisha kuingiza habari ya shemeji yake aliyelazwa. Msomi huweza kuyadharau mazungumzo haya kwa kuwa hayana mpango. Hata hivyo yanaunganishwa na jambo moja: kila moja huuliza kama anayejua habari ataisema, na ataisema lini.

Watu wa Ngara wana sababu yao ya kuiheshimu habari. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Mto Kagera ulileta habari bila kinywa: maiti zilipita Rusumo zikielekea Ziwa Viktoria. Kuanzia tarehe 28 Aprili mwaka huo, katika muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani, wakapiga kambi Benaco. Wilaya ya wakulima ikawa na mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wenyeji wengi hawakuhitaji mkalimani, maana Kihangaza kina udugu wa karibu na lugha za ng'ambo. Waliyasikia yote kwa masikio yao. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Ni vigumu kufikiri jinsi jibu la "Amakuru?" lilivyotamkwa katika siku zile za kwanza darajani, na yamkini wapo waliolitamka vilevile, kwa kuwa ulimi ulizoea.

Habari za watu mashuhuri ndizo nyepesi kuliko zote, na wepesi wake una faida. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alipofariki dunia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, alililiwa na watu ambao hawakupata kumwona ila katika kioo. Saida Karoli, binti wa Kagera, aliimba kwa Kihaya na kusikilizwa nchi nzima. Na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa wimbo uliotokana na ule wa kwake, aliyeujua wa kwanza aliutambua mara moja. Juu ya watu kama hawa kila mtu ana ruhusa ya kusema. Nani alimpenda nani, nani alirithi nini, nani alikuwa akiugua akaficha: yote hujadiliwa kwa sauti kubwa, maana mwenye habari yu mbali na hawezi kuja kudai heshima yake. Mtu ambaye hawezi kutamka neno moja juu ya kaka yake mwenyewe huweza kuhukumu nyumba ya mwimbaji tangu Nyakanazi hadi Rulenge bila kuchoka. Pengine huko ndiko anakojizoeza. Maneno anayoyatupa juu ya mirathi ya mtu wa Dar es Salaam ni yaleyale ambayo angeyasema nyumbani kwao kama baba angemwuliza.

Lakini baba haulizi. Katika nyumba nyingi za nchi ya migomba, shamba ni kitu kinachojulikana na wote na kusemwa na wachache. Mipaka imo kichwani mwa mzee, na mzee hujibu kuwa habari ni nzuri mpaka siku anapofungwa sanda. Ndipo ndugu hugundua kwamba kila mmoja alikuwa na ramani yake. Katika wilaya ya Muleba, jirani ya Biharamulo, palitokea kesi ambayo wanafunzi wa sheria wa Tanzania huisoma hata leo. Mwanamke mmoja alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa babake. Mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki, kwa hoja kwamba mila ya Kihaya humruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini haimruhusu kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubali hoja hiyo, Mahakama ya Wilaya ikaikataa, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akaamua kwamba mila ile ilipingana na haki za binadamu zilizoandikwa katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume.

Hukumu ilikuwa ya haki, na heshima iliyopata inastahili. Kitu kimoja tu hakimo katika kitabu cha hukumu, wala hakikupaswa kuwamo, nacho ni miaka iliyotangulia kesi. Shangazi na mpwa hawawi maadui kwa siku moja. Hupishana njiani, huulizana habari, hujibiana kuwa ni nzuri, na kila jibu huongeza kidogo deni la neno lisilosemwa. Mahakama hupata ndugu wakiwa wamekwisha kufika mwisho wa salamu.

Siasa nayo ni nyumba, na watu wa Biharamulo waliijua kwa namna ya karibu. John Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, wakati Chato ikiwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo. Alisoma katika Seminari ya Katoke, na mwaka 1995 akawa mbunge wa Biharamulo Mashariki. Baadaye Chato ilifanywa wilaya, kisha ikahamishiwa mkoa wa Geita. Lakini mpaka wa serikali haukati kumbukumbu, na alipokuwa Rais mwaka 2015, wengi wa upande huu waliona kuwa ni mtoto wa nyumbani aliyepanda. Mtoto wa nyumbani husifiwa kwa uhuru na kulaumiwa kwa minong'ono.

Ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilitoa hesabu ya wagonjwa mpaka mwisho wa Aprili 2020, walipofikia 509, kisha ikanyamaza. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais alieleza kwamba vielelezo vya papai na mbuzi vilipelekwa maabara kwa majina ya watu, vikarudi na majibu ya ugonjwa. Swali lake juu ya maabara halikuwa la kipumbavu. Kupima kipimo ni kazi ya mtu mwenye akili. Kasoro ilikuwa katika kilichofuata, maana kosa la kipimo hutengenezwa kwa kipimo bora, ilhali hapa hesabu yenyewe ilikoma. Mwezi Juni taifa liliambiwa kuwa halina tena ugonjwa. Habari ikawa nzuri kwa amri.

Mwaka uliofuata desturi hiyo ilimrudia yeye mwenyewe. Hakuonekana hadharani baada ya tarehe 27 Februari 2021. Nchi nzima iliuliza, kwa kuwa mtu asipoonekana kisimani jirani huuliza. Tarehe 12 Machi, akiwa Njombe, Waziri Mkuu alisema kuwa Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Katika siku zizo hizo watu kadhaa walikamatwa kwa kueneza uvumi juu ya afya yake. Jibu la kwanza lilikuwa limetolewa, na swali la pili likawa shauri la polisi. Usiku wa tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kwamba Rais amefariki dunia kwa maradhi ya moyo, na tarehe 26 alizikwa Chato mbele ya umati mkubwa. Wapo waliolia kwa uchungu wa kweli, na ndani ya uchungu huo mlikuwa na kiasi fulani cha uchungu wa ndugu aliyefichwa ugonjwa wa nduguye, asipate nafasi hata ya kumwombea kwa jina la maradhi yake.

Haya yote yalikuwa utangulizi wa Januari 2025, wakati Biharamulo yenyewe ilipotajwa duniani. Virusi vya Marburg hukaa katika popo wala matunda. Vikimwingia mwanadamu hupita kwa damu na majimaji ya mwili. Kwa hiyo humpata kwanza yule amtunzaye mgonjwa, na yule amwoshaye maiti. Ugonjwa mwingine humfuata mlevi au msafiri, lakini huu hufuata mapenzi, ukapita katika nyumba kwa njia ileile ya wema: kwa mama, kwa dada, kwa muuguzi. Kagera ilikuwa imekwisha kuuonja mwaka 2023, huko Bukoba Vijijini, nao ukaua watu 6. Rwanda nayo ilipata wagonjwa 66 mwishoni mwa mwaka 2024.

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kulikuwa na watu walioshukiwa kuugua Marburg katika mkoa wa Kagera, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Punde Wizara ya Afya ilijibu kwamba vielelezo vimepimwa na ugonjwa haukuonekana. Jibu hilo huenda lilikuwa kweli kwa vielelezo vile. Maabara hujibu juu ya chupa iliyoletwa, haijibu juu ya kijiji kizima. Tena serikali ina hofu zake ambazo si za aibu zote: jina la ugonjwa kama huu hufunga mipaka, hufukuza watalii, na kumwacha mchuuzi wa Kabanga na mzigo wake. Lakini safari hii swali liliulizwa tena. Tarehe 20 Januari, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, Rais Samia alitangaza kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amethibitishwa. Kati ya jibu la kwanza na la pili hazikupita siku saba. Zamani zingepita nyingi zaidi, na huo ni mwendo mwema ambao hauna budi kuhesabiwa.

Hesabu ya mwisho ilikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote 10 walikufa. Wanane kati yao walikufa kabla neno Marburg halijatamkwa na serikali. Maana yake walitunzwa na kuoshwa na ndugu ambao hawakujua wanachokishika.

Baada ya tangazo ikaanza kazi isiyo na sifa. Wahudumu wa afya waliandika majina ya watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa, wakawafuata kwa siku 21, ambao ndio muda mrefu ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini kabla ya kujionyesha. Kazi ya namna hiyo ni kwenda mlangoni kila siku, kusalimu, kuuliza habari za nyumbani na kujibiwa kuwa ni nzuri. Kisha kutoa kipimajoto, kuuliza juu ya kichwa, koo na tumbo, na kuandika tarakimu katika karatasi. Na kesho yake kurudi mlango uleule na kuuliza upya. Februari orodha ile ilimalizika bila mgonjwa mpya, na tarehe 13 Machi 2025 Wizara ikatangaza kuwa mlipuko wa Biharamulo umekwisha.