Siri ya Mtungi

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwa miaka mingi nilidhani methali hii yahusu tu mateso ambayo jirani hawezi kuyafahamu. Siku hizi naisoma kwa jicho jingine: kata iliyozama mtungini ndiyo hiyo hiyo ipitishwayo mkono hadi mkono kwa kila mwenye kiu. Mimi nilikuwa kata.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Katika bweni letu alikuja binti wa mwaka wa kwanza kutoka kwetu Ntimaru, huko Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Aliniita dada, nami nikampokea kama ilivyo ada kwa mtu wa nyumbani aliye ugenini. Usiku mmoja, taa zikiwa zimekwisha zimwa, alinieleza kuwa mkufunzi mmoja alikuwa amezuia alama zake na kumtajia bei ya kuzitoa. Bei yenyewe haikuwa fedha. Alinishika mkono akasema, "Dada, isifike nyumbani." Nikaapa.

Ntimaru si mahali pa kufichia neno. Mwenye duka amjua mama yako, mwendesha bodaboda alisoma na kaka yako, na mazungumzo yaliyoanza alfajiri katika shamba la tumbaku huwa yametua sokoni kabla ya adhuhuri. Tena kwetu mahari yangali yakihesabiwa kwa ng'ombe, hivyo jina la msichana ni mali ya ukoo mzima wala si lake peke yake.

Nilitafuta pa kumpeleka. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilikuwapo, na kifungu chake cha 23 chamtisha mwenye mamlaka anayemsumbua aliye chini yake kwa kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Kifungu cha 31 chairuhusu mahakama kumkinga shahidi dhaifu, hata kwa kumsikiliza faraghani. Lakini sheria humsubiri mtu mahakamani, ilhali binti yule alihitaji kwanza chumba chenye mlango unaofungika na msikilizaji asiyewajibika kwa yule mkufunzi. Chuoni tulikuwa na sanduku la maoni. Lilitundikwa mkabala na madirisha ya idara, ambapo kila aliyeketi ofisini angemwona anayetumbukiza karatasi. (Aliyelitundika pale huenda alikuwa mcheshi.) Leo ningempa namba 1195, inayopigwa bila malipo nchini Kenya na walioathiriwa na ukatili wa kijinsia. Wakati ule sikuijua.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo niliposoma habari za Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyejiua Februari 1990 baada ya kuandamwa na wanafunzi wenzake. Chuoni hapo palikuwa na maandishi ya ukutani yaliyojulikana kwa jina la Mzee Punch, yasiyo na sahihi ya mtu, ambayo hapo awali yalikejeli utawala na baadaye yakageuka kiboko cha wanawake. Kilichonichoma ni mpangilio wa siri katika kisa hicho. Waandishi walikuwa na faragha kamili. Levina hakuwa nayo hata chembe.

Hata lugha yetu haijamsaidia mwathiriwa. Tumezoea kusema "rushwa ya ngono", na Tanzania imelipa jambo hilo kifungu cha 25 katika sheria yake ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Ninaikubali nia, ila neno lanitia shaka, kwani penye rushwa msikilizaji humtafuta mtoaji na mpokeaji, wote wakiwa na hatia. Binti aliyetishwa anageuzwa mshirika kabla hajafungua kinywa. Wanaisimu waliomo humu na wanisahihishe.

Sasa nifike nilipokuwa nikikwepa. Niliemewa, nikamweleza kijana mmoja wa kwetu aliyesomea sheria, nikimtaka ushauri. Sikumtaja binti kwa jina, nilisema tu, "mtoto wa nyumbani, mwaka wa kwanza." Watu wa Ntimaru katika chuo kile tulihesabika kwa vidole vya mikono miwili. Likizo ilipofika, mama yake aliulizwa habari hizo sokoni, na muhula uliofuata kitanda cha binti kilikaa kitupu. Mkufunzi aliendelea kufundisha.

Nilionana naye miaka miwili baadaye, kituo cha matatu cha Ntimaru, nami nikamwomba radhi. Hakukasirika.

"Uliwaambia wangapi, dada?"

"Mmoja."

"Na yeye?"

Utingo akaita abiria wa Kehancha. Nikapanda.