Goma: nyumba ya wakimbizi iliyochorwa mara mbili

Kijana mmoja wa mjini Goma alimaliza masomo ya usanifu wa majengo mwaka 2024. Mada ya kazi yake ya mwisho ilikuwa nyumba ya jamaa moja ya wakimbizi wa ndani.

Mwanzoni alichora kuta za mawe meusi ya volkano na saruji. Hesabu zote zilikuwa sawa, na mawe hayo hayakosekani Goma tangu moto wa Nyiragongo uingie mjini Januari 2002. Akapeleka michoro kambini. Mama mmoja akaitazama sana, akauliza: «Mtoto wangu, siku wakituambia tuondoke, hii tutaibeba namna gani?»

Akakosa jibu. Akaanza upya: kuta za mbao zilizofungwa kwa boliti, si kwa misumari, ili zifunguliwe bila kupasuka; juu mabati; chini mawe yaliyopangwa tu. Choo ndicho kilimtesa. Mwamba ule jembe haliuwezi, basi akakiinua juu kwa ngazi. Walimu wakamwuliza mzee atapandaje, na walikuwa na haki.

Alipata alama nzuri. Februari 2025 kambi za pembeni mwa mji zikavunjwa, watu wakaondoka na mbao zao kichwani.

Nyumba yake haijajengwa hata moja. Mfano mdogo wa mbao uko juu ya kabati kwao. Mama yule alielekea wapi, hajui, angependa auone.