Washikaji wa mastaa

Wadau, kuna podikasti moja ya Marekani inaitwa Hollywood Handbook. Ilianza mwaka 2013 chini ya kampuni ya Earwolf, na waendeshaji wake ni Hayes Davenport na Sean Clements, watunzi wa vichekesho vya televisheni. Humo wanajifanya vigogo wa Hollywood. Kila staa ni mshikaji wao, kila sinema iliyovuma wao ndio walitoa wazo. Mgeni akialikwa, kwanza anasikiliza majigambo yao weee, kisha anaulizwa maswali ya ajabu ajabu.

Wanachokejeli hasa ni tabia ya kupanda chati kwa jina la mwenzio. Sisi tunaoandika habari za burudani tunaijua. Prodyuza anakwambia bila yeye msanii fulani asingetoka. Ushahidi hana, ana miwani nyeusi na simu mbili. Kesho yake maneno yake yako gazetini, kwa sababu ukurasa lazima ujae.

Kwa hiyo hawa jamaa wanafanya kazi ambayo kurasa zetu haziifanyi: wanamwacha mwenye majigambo aongee mpaka ajiumbue mwenyewe. Au mnasemaje?